Bwana Afya Anajibu: Choo Kimejaa, Nani Aitwe?

Mvua ya masika ikishika, barua zinazofika kwenye safu hii hubadilika. Miezi ya kiangazi watu huniuliza juu ya presha na sukari. Mvua ikinyesha wiki mbili mfululizo wanaanza kuuliza juu ya vyoo, visima na mitaro, na karibu kila barua ina neno lile lile: nimezungushwa. Chifu amemtuma kaunti, kaunti imemtuma kwa kampuni ya maji, kampuni imemrudisha kwa mwenye ploti. Kwa hiyo safari hii nimechagua barua ambazo jibu lake linaanza na swali moja, kwamba kazi hii ni ya nani. Majina ya walioandika nimeyaacha, kwa sababu wengine bado wanapanga kwa hao hao wanaowalalamikia.

*Bwana Afya, hujambo? Mimi ni mpangaji Manyatta, Kisumu. Ploti yetu ina vyumba kumi na vinane na choo cha shimo kimoja chenye milango miwili. Kilijaa kitambo. Mvua kubwa ikinyesha usiku, mwenye ploti humtuma kijana azibue tundu lililo nyuma ya shimo, uchafu unamwagika mtaroni. Kisima chetu kiko hatua chache tu kutoka hapo, na majirani wananunua maji kwetu kwa mtungi. Watoto wangu wawili wameharisha mwezi huu. Chifu ameniambia hilo si lake. Ofisi moja ikanituma kwa kampuni ya maji, na huko nikaambiwa wao ni watu wa bomba na sewa, vyoo vya shimo haviwahusu. Nikisema sana nitafukuzwa nyumba. Nifanye nini? — Mama wa Wawili, Manyatta*

Mama, pole kwa watoto, na tuanze nao. Mtoto anayeharisha hufa kwa kuishiwa maji mwilini, kwa hiyo kila akiharisha mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka kituo cha afya. Kama pakiti haipo, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kufuta, si vya kujaza mlima. Uliza pia vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Ukiona macho yameingia ndani, hakojoi, au ukifinya ngozi ya tumbo inachelewa kurudi, usingoje asubuhi. Na choo kikiwa cheupe kama maji yaliyooshea mchele, hicho huenda ni kipindupindu. Kipindupindu kinaweza kumuua mtu mzima mwenye nguvu zake kwa saa chache, na pia kinatibika vizuri akifikishwa mapema.

Sasa swali lako. Kazi hii ni ya kaunti, na ndani ya kaunti ni ya afisa wa afya ya umma wa wadi yako. Kampuni ya maji haikukosea iliposema shimo la ploti si lake. Chifu naye ni mtu wa serikali ya kitaifa. Anaweza kukusindikiza na kuita baraza, lakini hana mamlaka ya kumpa mwenye ploti ilani ya choo. Tangu 2013, Jedwali la Nne la Katiba limeziachia kaunti huduma za afya za mashinani, usafi wa mazingira, taka, leseni za wauza chakula, hata makaburi na nyumba za kuhifadhia maiti. Serikali ya kitaifa imebaki na sera na hospitali kuu za rufaa. Nilianza kazi hii wakati wa baraza la manispaa, na hata leo watu wa mtaani wakimwona afisa wanasema kanjo wamekuja. Mwajiri amebadilika. Sheria anayobeba mkononi ni ile ile.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ya tangu 1921. Ni kuukuu, lakini ina meno, na ningependa kila mpangaji ajue vifungu vinne tu vya humo. Kifungu cha 115 kinamkataza mtu yeyote kusababisha au kuacha kwenye ardhi yake hali ya kudhuru afya. Cha 116 kinaiwajibisha serikali ya mtaa, ambayo leo ni kaunti, kuweka eneo lake lote katika hali ya usafi na kuchukua hatua dhidi ya hali kama hizo. Cha 118 kinazitaja moja moja: choo kichafu au kilichojaa, mtaro unaonuka, kisima ambacho maji yake yamechafuliwa. Ploti yenu imeingia humo kwa milango mitatu. Cha 119 kinampa afisa uwezo wa kutoa ilani ya maandishi yenye muda wa kurekebisha, na hapa sikiliza vizuri: kama kasoro ni ya jengo lenyewe, ilani inamwendea mwenye mali, si mpangaji. Kwa hiyo akija mtu akawaambia wapangaji mchange pesa za choo la sivyo mtashtakiwa, mwambieni awaonyeshe ilani imeandikwa jina la nani. Mwenye mali akipuuza, kesi inaenda kortini, na korti inaweza kuamuru kazi ifanywe na gharama imrudie yeye.

Nikuambie jinsi afisa mzuri anavyofanya, ili akija ujue kama amekuja kazi au amekuja kupita. Kwanza anazunguka. Hasimami langoni na daftari. Anakwenda nyuma ya choo, anatafuta lile tundu, anapiga picha. Mwenye ploti akikana, anamwaga rangi maalumu chooni na ndoo kadhaa za maji, kisha mnangoja kando ya mtaro. Rangi ikitokea, ubishi umekwisha. Halafu anachukua sampuli ya kisima. Chupa ya maabara imechemshwa na kufungwa, na haifunguliwi mpaka dakika ya mwisho. Anaifunga kwa kamba safi yenye kizito, anaishusha bila kugusa kuta za kisima, anaijaza na kuacha nafasi kidogo juu, anaifunga bila kidole kugusa mdomo wake. Inaingia kwenye boksi la barafu na inatakiwa ifike maabara siku hiyo hiyo, la sivyo majibu hayana maana. Akija na chupa ya soda aliyoisuuza kwenye ndoo yenu, mwambie kwa heshima arudi na vifaa. Majibu yakirudi, maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na kidudu hata kimoja cha kinyesi, kile kinachoitwa E. koli, katika mililita 100.

Na majibu yenu naweza kuyakisia, kwa sababu ya umbo la ploti zenyewe. Tulifundishwa kwamba kisima kikae mita 30 kutoka choo cha shimo, na choo kiwe upande wa chini. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina urefu wa karibu mita 30. Maana yake, hata ukiweka kisima kwenye ua wa mbele na choo kwenye ua wa nyuma, umefika tu pale pale kwenye kipimo, na choo cha jirani kiko ng'ambo ya mabati. Manyatta na Nyalenda maji ya ardhini yako juu, na masika yakikolea yanapanda mpaka yanakutana na shimo la choo chini kwa chini. Ndiyo maana maji ya kisima yanaweza kuwa maangavu, baridi na matamu, na bado yakabeba ugonjwa. Sina maneno laini hapa: kisima chenu kisinywewe. Tumieni kwa kufua na kudeki. Maji ya kunywa, ya kupikia na ya kuoshea vyombo nunueni ya bomba kwenye kioski, na hata hayo yatieni dawa ya klorini au myachemshe mpaka yatokote, kisha myaweke kwenye chombo chenye mfuniko na mdomo mwembamba, mkono usiingie. Ikibidi kutumia ya kisima, yachujeni kwanza kwa kitambaa safi, maana klorini kwenye maji ya tope haifanyi kazi sawasawa.

Kuhusu kufukuzwa. Hofu yako naielewa, na ndiyo sababu nashauri malalamiko yasiwe yako peke yako. Andikeni barua moja, watu wa ploti yenu na wanunuzi wa maji wa ploti za jirani, kwa Kiswahili chepesi: tarehe, mahali na alama ya kufikia, nini kimetokea, tangu lini, nani ameugua. Msijaze lawama, jazeni mambo yaliyoonekana. Mkiwa na mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo lenu, yule anayepita nyumba kwa nyumba na mkoba, mwambieni aandike kesi za kuharisha kwenye ripoti yake, kwa maana ripoti hiyo inapanda hadi kaunti ndogo. Chapisheni nakala mbili, moja mpeleke ofisi ya afya ya umma ya wadi au ya kaunti ndogo, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mrudi nayo nyumbani. Barua isiyo na muhuri ofisini haipo. Afisa akishaipokea, anayemkabili mwenye ploti ni yeye kwa jina la sheria, si wewe. Wiki mbili zikipita kimya, pelekeni nakala kwa mkuu wa afya ya umma wa kaunti ndogo. Bado kimya? Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu raia kuuliza kwa maandishi ni hatua gani imechukuliwa, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Baada ya hapo mnaweza kupeleka ombi kwa bunge la kaunti. Haki hiyo iko kwenye Katiba, kifungu cha 37, na mwakilishi wenu wa wadi hana ruhusa ya kuizuia.

*Bwana Afya, salamu. Nina hoteli ndogo Kakamega mjini, chapati, maharagwe, samaki na kachumbari. Kila mara anakuja mtu na kitabu, anasema ni wa afya, anataka pesa. Haachi risiti. Juzi aliniuzia kadi tatu za afya za wafanyakazi wangu bila hata kuwaona. Je, ni halali? Na mimi nahitajika kuwa na nini hasa? — Mpishi, Kakamega*

Si halali, na kadi hizo zitupe. Kadi ya afya ya anayeshika chakula inatolewa baada ya kupimwa, na inarudiwa kila miezi sita. Anapimwa choo, anaangaliwa ngozi, mikono na kucha, anaulizwa kuhusu kikohozi. Sababu yake ni nzito. Mtu anaweza kupona homa ya matumbo akabaki amebeba vidudu vyake tumboni kwa miezi au miaka, mzima kabisa, anacheka na wateja, na kila anapotoka msalani bila kunawa anawagawia. Kadi iliyonunuliwa haijamgundua mtu huyo. Aliyekuuzia amechukua pesa zako na akauza afya ya kila anayekaa kwenye benchi lako, na hilo linanikasirisha kuliko hata hizo pesa.

Unachohitaji ni kibali cha biashara, cheti cha afya cha jengo baada ya kukaguliwa, na kadi halisi ya kila mfanyakazi, wewe mwenyewe ukiwemo kama unashika chakula. Ada zinawekwa kila mwaka na Sheria ya Fedha ya kaunti yako, ndiyo maana za Kakamega si sawa na za Vihiga au Bungoma. Uliza ofisi ya mapato wakuonyeshe jedwali la ada lililopitishwa. Malipo yapitie njia rasmi ya kaunti na risiti itoke. Afisa wa kweli ana kitambulisho cha kazi na hakusanyi noti mkononi. Huyo wa kitabu, andika tarehe na saa aliyokuja, umripoti kwa maandishi kwa mkuu wa afya ya umma wa kaunti ndogo. Akirudi, mwambie barua imeshafika.

Sasa niruhusu niingie jikoni kwako, maana kibali hakioshi mikono. Chapati na maharagwe vimepita motoni. Samaki aliyekaangwa asubuhi akakaa wazi hadi jioni ana shida ya nzi, na ukimrudisha kwenye mafuta moto kabla ya kumwandaa unapunguza hatari. Kachumbari ndiyo inayoninyima usingizi. Nyanya, vitunguu na dania vimetoka sokoni vikiwa vimenyunyiziwa maji yasiyojulikana, vikasuuzwa kwenye beseni moja lililooshea vingine tangu asubuhi, vikakatwa kwenye ubao uliokatiwa samaki mbichi, kisha vinaliwa vibichi. Weka ubao wa kachumbari peke yake. Oshea kwa maji yanayotiririka yaliyotiwa klorini. Katakata kidogo kidogo kadiri wateja wanavyoingia. Na weka dumu la maji lenye bomba pamoja na sabuni mlangoni, palepale mteja anapopita, si nyuma kwenye giza.

Kipindupindu kikitangazwa, kaunti hupiga marufuku kuuza chakula kilichopikwa barabarani. Wafanyabiashara wengi hunilaumu ninapoitetea amri hiyo. Naitetea, kwa sababu sufuria moja inaweza kuwafikia watu mia kwa mchana mmoja. Lakini kaunti inayofunga vibanda wiki nzima na kuvifungua bila kuweka hata bomba moja la maji sokoni, hiyo imefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo kubwa.

*Bwana Afya, mbwa asiye na mwenyewe amemng'ata kijana wangu mguuni hapa Yala. Jirani ametupaka dawa ya kienyeji. Zahanati wanasema chanjo imekwisha. — Baba, Siaya*

Ndugu yangu, usisome zaidi ya aya hii kabla hujachukua sabuni. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili ukitazama saa, ukiondoa hiyo dawa yote. Hata kama ni jana aling'atwa, osha. Kisha umpeleke hospitali ya kaunti ndogo au ya kaunti leo hii. Usikubali jibu la "imekwisha" liishie mlangoni. Mwombe mhudumu apige simu kituo kingine na akuandikie rufaa. Kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishaanza. Chanjo ikitolewa mapema inazuia kabisa. Sindano ya kwanza ni siku unapofika, kisha siku ya 3, ya 7 na ya 14 tangu hiyo, na daktari anaweza kuongeza ya siku ya 28. Meno yakiwa yamepenya ngozi, atadungwa pia kinga ya haraka kwenye kidonda chenyewe. Msiruke hata moja kwa sababu mguu umepona.

Halafu ripoti mbwa huyo kwa afisa wa mifugo wa wadi. Yeye pia ni wa kaunti, idara ya pili tu. Mbwa akipatikana hai afungiwe na kuangaliwa siku 10. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na njia yake inajulikana: kuchanja mbwa angalau 70 kwa kila 100, mwaka hadi mwaka. Kaunti isiyochanja mbwa italipia chanjo za watu, ambazo ni ghali mara nyingi zaidi, na itakosa pia.

*Bwana Afya, mimi ni mwalimu Rongai, Nakuru. Shule yetu ilichimbiwa kisima kirefu na wafadhili, tulishangilia. Sasa naona watoto wa madarasa ya chini wanaota meno ya utu uzima yenye madoa ya kahawia. Wazazi wanasema hawapigi mswaki. Tunachemsha maji yote. Je, tuongeze dawa gani? — Mwalimu*

Mwalimu, watoto wasionewe. Mswaki hautoi madoa hayo, na wakicheka wakiziba mdomo kwa kiganja, mjue wameshaumizwa na maneno. Hiyo ni floridi. Miamba ya Bonde la Ufa imetokana na volkano, na maji yanayokaa ndani yake kwa muda mrefu huyeyusha floridi nyingi. Kiwango cha juu kinachokubalika na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nakuru vinapita hapo. Meno ya utu uzima hujengwa ndani ya fizi tangu utotoni hadi karibu miaka minane. Mtoto akinywa maji hayo katika umri huo, doa limeshaandikwa kabla ya jino kutoka. Kwa miaka mingi na viwango vikubwa, hata mifupa na viungo hukakamaa.

Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki, kwa hiyo kila lita inakuwa nayo zaidi ya mwanzo. Klorini nayo inaua vidudu tu, na hiki si kidudu. Angalieni pia magadi: kama jikoni shuleni wanatia magadi kwenye maharagwe na githeri ili yaive haraka, waache, kwa kuwa magadi yenyewe yana floridi. Wayaloweke usiku kucha.

Kinachosaidia kwanza ni mvua. Paa la shule ni kubwa. Wekeni mabati ya kingo na tangi lenye mfuniko, maji ya dakika za mwanzo ya kila mvua yaachwe yamwagike na uchafu wa paa. Maji ya mvua yawe ya kunywa na kupikia tu, ya kisima yabaki kufulia na bustani. Pili kuna kichujio cha mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lisilo na hewa nyingi, ikasagwa punje punje, na punje hizo hunasa floridi maji yanapopita. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilianzisha kazi ya kutengeneza vichujio hivyo, na vinajulikana huko kwenu. Lakini punje zinachoka, na zikichoka maji yatatoka mazuri kwa macho yakiwa hayajachujwa lolote. Asiyekuwa na mpango wa kuyapima kila baada ya muda asinunue.

Na kaunti? Kibali cha kuchimba hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, chombo cha kitaifa, lakini huduma ya maji na afya ya wanaoyanywa ni ya kaunti. Mwandikie afisa wa afya ya umma na idara ya maji ya kaunti kwa barua moja, uombe kisima kipimwe floridi. Sampuli hii ni rahisi kuliko ya vidudu: chupa safi ya plastiki, si ya glasi, isuuzwe mara tatu kwa maji yale yale ya kisima, ijazwe. Ubandike jina la shule na tarehe. Matokeo mkiyapata yabandikeni mahali wazazi wanapoona. Na wafadhili wakija tena na mashine ya kuchimba, kabla ya ngoma na hotuba, waulizwe karatasi ya maabara iko wapi. Mimi naamini hakuna kisima cha jamii kinachopaswa kufunguliwa bila karatasi hiyo, na naona ni wajibu wa kaunti kusimama pale na kusema hapana.

*Bwana Afya, mimi ni kijana wa boda boda Butula, Busia. Naitwa kwenye vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti. Wazee wanasema ni kupoteza siku, kila kitu kimeshaamuliwa. Ni kweli? Na choo cha soko letu kimefungwa kufuli. — Bodaman, Butula*

Mwanangu, ni kweli ukienda kwa kuchelewa. Bajeti ya kaunti haizaliwi siku moja. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa ufike bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Mkakati wa fedha, unaogawa kiasi cha kila idara, unafika kufikia 28 Februari. Makadirio yenyewe yanafika kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Ukijitokeza Mei kuomba choo kipya, unaomba kwenye pesa ambazo idara zimeshagawiwa. Nenda kikao cha kabla ya Septemba, ndipo choo kiingie kwenye mpango, na urudi kabla ya Februari kuhakikisha hakijatolewa.

Ukiniuliza cha kuomba, nitakuambia usiombe jengo. Nimeona zahanati nyingi mno zimepakwa rangi, zimefunguliwa kwa utepe, na ndani hakuna muuguzi. Omba vitu visivyokatiwa utepe: mafuta ya pikipiki ya afisa wa afya ya umma, klorini ya visima, chupa za sampuli, posho ya wahamasishaji wa afya ilipwe kwa wakati, mshahara wa mtu wa kusafisha choo cha soko. Mnao mfano mzuri huko huko kwenu. Busia ilikuwa kaunti ya kwanza Kenya kutangazwa kuwa watu wake wameacha kujisaidia vichakani, na Nambale ilitangulia kabla ya kaunti nzima. Hakuna aliyewajengea vyoo vyote hivyo. Maafisa na wahudumu wa jamii walitembea na wanakijiji mpaka vichakani, watu wakaona kwa macho yao kinyesi kinavyorudi kwenye sahani kwa miguu ya nzi, wakakubaliana, wakachimba wenyewe. Gharama yake ilikuwa watu wa kutembea, na hao ndio wa kwanza kukatwa bajeti ikibana.

Choo chenu cha soko kwa hakika hakihitaji kujengwa upya. Uliza kwa nini kimefungwa. Mara nyingi ni maji yamekatwa kwa deni au shimo limejaa na eksosta, lile lori la kunyonya choo, haijalipwa. Jua ni lipi kati ya hayo, uliza bei ya kulimaliza, uende kikaoni na bei hiyo. Fika mapema, uandikwe kwenye orodha ya waliohudhuria, na unaposimama taja wadi, soko na kiasi cha pesa kabla ya neno lingine lolote, ili karani ayaandike hayo hata kama atakukatiza. Nenda na mama mboga wawili wa hapo sokoni. Wao wanakaa pale tangu alfajiri hadi jioni bila choo, na wataeleza vizuri kuliko mimi na wewe.